Jina "Shauri Moyo" lilitoka wapi? Wenye wazee nyumbani, tusaidieni

MwanaEastlands (mwanzisha uzi)
Wadau, salaam. Niko kwenye kikundi cha watu saba hapa Shauri Moyo, Eastlands, mashariki mwa Nairobi. Kila Jumamosi tunazunguka kwa wazee na simu mbili, daftari na kitambaa cheusi cha kutandika mezani tunapopiga picha zao za zamani. Mitaa ya kaunti inabomolewa mmoja baada ya mwingine kupisha maghorofa, nasi tunataka historia ya huu wetu iandikwe na wenyewe kabla zamu yetu haijafika.

Tumekwama kwenye jambo tulilodhani ni jepesi: jina. Wazee kumi na mmoja tumewauliza, majibu tumepata matano. Linalorudi mara nyingi ni kwamba Pangani ya zamani, kile kijiji cha Waafrika hapa Nairobi, ilipovunjwa watu waliambiwa wahamie nyumba mpya za manispaa huku, na aliyesita akajibiwa "ni shauri ya moyo wako". Yaani ukitaka njoo, hutaki shauri yako.

La pili, kuna picha. Mama mmoja ametuonyesha wanawake wanne wamesimama mbele ya nyumba ya udongo, paa la madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa. Wa kwanza kushoto ameshika kibuyu, wa mwisho amejifunika kanga mpaka kidevuni na haangalii kamera. Nyuma kuna neno "Pangani" kwa penseli na jina ambalo nusu yake imefutika, zimebaki herufi "Mwana". Mwenye bibi aliyetoka Pangani amwulize, tafadhali.

Dereva Mstaafu
Asante kwa kazi hii. Lakini rekebisha. Pangani ilivunjwa 1954, wakati wa Hali ya Hatari, mkoloni akipigana na Mau Mau. Baba yangu alitolewa nyumbani mwaka huo, askari wakiwa na malori, na hilo jambo kwetu lilisimuliwa kila Krismasi.

Karani wa Faili
Mzee wangu Dereva, hayo ni mambo mawili tofauti. Pangani kile kijiji kilivunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930, na kufikia 1939 kilikuwa kimeondoka. Shauri Moyo ilijengwa kuwapokea waliotoka huko. Cha 1954 ni Operesheni Anvil, ilianza tarehe 24 Aprili. Jiji lilizingirwa, Wakikuyu, Waembu na Wameru wakakusanywa na kupelekwa Lang'ata kuchujwa, kisha wengi wakapelekwa kambi za kizuizini za Manyani na Mackinnon Road. Malori unayoyasikia kwenye hadithi ya baba ni ya Anvil.

Dereva Mstaafu
Nimekaa na maneno yako nikampigia dada yangu mkubwa. Ni kweli. Baba alichukuliwa mtaa wa Bahati, wala Pangani hakuwahi kuishi. Aliyeishi Pangani ni shangazi yake. Miaka yote nimeunganisha safari mbili zikawa moja. Dada amesema jambo jingine sikuwa nalijua: mama alibaki na mkebe wa kipande cha baba, kile kitambulisho cha mkoloni, ule wa bati wa kuning'iniza shingoni, akawa anahifadhia sindano. Bado upo. Kitundu cha kamba kimelika upande mmoja kwa kuvaliwa.

MwanaEastlands
Mzee, usiusugue kutu huo mkebe, na usiupake mafuta. Tukija tutaupiga picha ukiwa hivyo hivyo.

Bint Digo
Assalam aleikum wote. Mimi wa Majengo, pale Pumwani, kuzaliwa na kulelewa. Nyanya yangu alikuwa na nyumba Pangani. Alikuwa NAYO, si kupanga. Watu wakisikia historia ya Nairobi wanafikiri wenye nyumba wote walikuwa wanaume. Pangani na Pumwani wanawake wengi walijenga kwa pesa zao wenyewe na wakapangisha vyumba. Nyumba yenyewe ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani jiko na choo. Ya nyanya ilikuwa na vyumba sita. Udongo alikanyaga yeye na shoga zake, madebe akanunua moja moja.

Ilipovunjwa alikataa kwenda Shauri Moyo, akaja kwa dadake Majengo. Sababu aliyotupa ni moja: huku ningekuwa na nyumba, kule ningekuwa mpangaji wa manispaa. Jina Shauri Moyo hakulitamka hata siku moja. Alikuwa akisema "kule". Ukimwuliza maana yake anajibu, "Moyo ulishauriana na nani? Hakuna aliyeulizwa."

Kwa hiyo mimi hiyo habari ya kwamba watu walipewa hiari siipokei. Kama jina lilitoka kwa waliohamishwa, basi lilitoka kwa uchungu. Mtu anauambia moyo wake: haya, jishauri mwenyewe, mimi sina la kufanya.

Mwalimu wa Lugha
Bint Digo amegusa penyewe. Neno "shauri" lina sura mbili. Pwani, shauri ni nasaha, watu kukaa na kuulizana. Bara, na hasa Nairobi, "shauri yako" ni kunawa mikono: likikupata lako. Tena walowezi Waingereza walilichukua neno hili wakalitumia ndani ya Kiingereza chao wakimaanisha kesi au jambo lolote la usumbufu. Kwa hiyo jina hilo likitamkwa na karani wa manispaa lina maana moja, likitamkwa na nyanya wa Pangani lina nyingine, na likiandikwa na afisa Mzungu lina ya tatu.

Na angalieni sarufi. Kwa sanifu ingekuwa "Shauri la Moyo". Kiunganishi kimeanguka kama kilivyoanguka Landi Mawe, ambayo ni landi za mawe, yaani nyumba za mawe za wafanyakazi wa reli. Mlango Kubwa nayo imeacha ngeli yake kabisa. Huu ni ulimi wa Nairobi. Mimi naona jina lilizaliwa mtaani, ofisi ikaja kuliandika baadaye.

Abiria wa Pwani
Samahani Mwalimu, sikubali kwamba limezaliwa Nairobi. Zanzibar kuna Shaurimoyo. Dar es Salaam kuna Shaurimoyo. Sasa tazama majina ya jirani zenu huko Eastlands: Kaloleni, Majengo, Makadara, Ziwani. Majina hayo yako pwani pia! Na Pangani ni mji ulio kusini ya Tanga, mtoni. Watu wa pwani walikuja na reli 1899, wengine kabla yake na misafara, na kijiji kimoja cha kwanza cha Waafrika hapo Nairobi kiliitwa Mombasa. Mtu akihama anabeba sufuria na jina la kwao.

Jakaloleni
Na Kisumu je? Kisumu kuna Kaloleni na kuna Shauri Moyo, na zinapakana kama za Nairobi. Hata wadi inaitwa Shaurimoyo Kaloleni. Nimezaliwa Kaloleni ya Nairobi, kwa mjomba ni Kaloleni ya Kisumu. Nikiwa mdogo nilidhani ni mtaa mmoja ambao gari la moshi linapitia katikati.

Halafu mkumbuke hizi nyumba zote, Shauri Moyo na Kaloleni, zilijengwa na mateka Waitaliano. Hilo liko wazi.

Karani wa Faili
Jakaloleni, kwa Kaloleni wazee wengi wanasema hivyo na miaka inaruhusu, maana ilijengwa katikati ya miaka ya 1940. Kwa Shauri Moyo haiwezekani. Waitaliano walitekwa vita vya Somalia na Ethiopia vya 1941. Shauri Moyo ilikuwa tayari ina watu. Mateka hajengi nyumba miaka miwili kabla ya kutekwa.

Jakaloleni
Haya, nimeachia Shauri Moyo. Kaloleni siachii 😄

Mtoto wa Burma
Mmepita Burma bila kusimama? Soko la nyama la Burma liko hapo hapo, na hilo jina halina ubishi: askari wa KAR, jeshi la mkoloni la Afrika Mashariki, waliorudi kutoka Burma. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana kule 1944, msituni, mvua ya masika ya kule haiishi. Babu yangu alikuwa mmoja wao. Aliporudi alikataa kula wali maisha yake yote. Nyama alikula.

Wa Makongeni
Na wajukuu wake mpaka leo mnakula nyama, tunawaona Ijumaa 😂

Mtoto wa Burma
Tunahifadhi urithi, ndugu.

Bint Digo
Tukiwa kwenye vita, Kariokor pia ni vita, ile ya kwanza. Kambi ya wapagazi, Carrier Corps, midomo yetu ikaigeuza. Dar wakapata Kariakoo kwa neno hilo hilo. Kwa hiyo Abiria wa Pwani, si kila jina linalofanana limebebwa kutoka pwani. Mengine yamezaliwa mara mbili, kwa sababu jambo lile lile lilitokea mahali pawili. Huenda watu walivunjiwa na kuambiwa "shauri yenu" Kisumu, na Zanzibar, na Nairobi.

Abiria wa Pwani
Hoja nzuri hiyo. Lakini basi tunahitaji kujua Shaurimoyo ipi ilitangulia. Nina ndugu Unguja, nitamwuliza wazee wa kule wanasimuliaje.

Mnubi wa Kibra
Salaam. Naleta tahadhari kutoka upande wetu. Kibera kwetu ni Kibra, neno la Kinubi, maana yake msitu, pori. Babu zetu wa KAR waliwekwa hapo wakati huo ni pori kweli. Nimesikia kwa masikio yangu watu wakieleza jina hilo kwa lugha tatu nyingine, kila mmoja ana uhakika, kila mmoja ana hadithi tamu ya kuambatana nayo. Jina likishapata hadithi tamu, ile chungu haisikilizwi tena. Na kwetu jina halikuwa mchezo. Ardhi iliyopimwa kwa ajili yetu enzi ya mkoloni ilikuwa zaidi ya ekari 4,000. Hati tuliyopewa 2017 ni ya ekari 288. Wazee walipokuwa wanadai walianza na jina: sisi ndio tuliolipa pori hili jina lake.

Kwa hiyo kikundi chenu kiandike majibu yote matano, na kila jibu liwe na jina la aliyelitoa, alizaliwa wapi, aliingia mtaa lini. Msichague moja.

MwanaEastlands
Mnubi, asante, hilo tumeanza kufanya. Daftari lina safu ya "aliambiwa na nani". Inashangaza: kati ya wale kumi na mmoja, wanne wa jibu la "shauri ya moyo wako" wote walilipata kwa mzee mmoja aliyekuwa akisimulia kwenye baraza ya duka miaka ya 1970. Tulidhani tuna mashahidi wanne, kumbe ni mmoja mwenye sauti kubwa.

Mzawa wa Blok ya Tatu
Nimesoma kimya, sasa niseme. Nyumbani kwetu watafiti walishakuja. Miaka kama kumi na tano iliyopita alikuja kijana wa chuo kimoja, adabu nzuri, akakaa na mama siku mbili. Akaondoka na albamu nzima akisema anaenda kuipiga kopi mjini. Hatukumwona tena. Ndani kulikuwa na picha ya pekee ya kaka yangu aliyefariki akiwa na miaka sita. Mama alikuwa akiuliza kila akisikia mlango, mpaka alipofariki.

Sina ubaya na kikundi chenu. Lakini nikisikia "tunakusanya historia" mimi nasikia albamu ikitoka mlangoni.

MwanaEastlands
Pole sana, ndugu. Hilo halitibiki kwa maneno. Nikueleze tu tunavyofanya, kwa sababu mama mmoja hapa mtaani alitufundisha kwa kutukatalia mara ya kwanza. Picha haivuki kizingiti. Tunaipiga pale pale mezani kwa mwenyewe, karibu na dirisha, bila flashi, mbele na nyuma. Mwenyewe ndiye anayeitoa kwenye albamu na kuirudisha. Ikiwa imeng'ang'ania gundi hatuibandui, tunapiga ukurasa mzima. Hatuandiki chochote juu yake. Jina tunaliandika kwenye daftari na kwenye faili la simu. Tukimaliza tunamwachia mwenye nyumba nakala kwenye fleshi, na nyingine tunamchapishia kwenye karatasi kwa sababu wengi hawana kompyuta. Anachosema kisisikike na watu tunakifuta akiwa anatuangalia.

Mzawa wa Blok ya Tatu
Sawa. Nimesikia.

Wa Makongeni
Mimi swali langu ni la kazi. Tulijaribu Makongeni, landi za reli, tukapata rekodi za saa nzima ambazo mzee anasema tu "zamani maisha yalikuwa mazuri". Mnawatoaje maneno?

Bint Digo
Usimwombe mtu historia. Akisikia hilo neno anakaa wima na kuhutubia. Mwulize maji mlichota wapi. Nani alikuwa wa kwanza kuwa na redio. Mkifiwa, maiti ilioshewa wapi. Nilimwuliza mama yangu mdogo mlikuwa mkinunua wapi mkaa, akanipa saa mbili, na ndani yake mna ngoma ya lelemama, mna mwanamke aliyekuwa akikopesha pesa, mna ugomvi wa choo uliofika kwa chifu.

Na usirekodi karibu na barabara. Matatu ikipiga honi pale mzee anapotaja jina, hilo jina limekwenda. Usimkatize pia. Akinyamaza, nyamaza naye.

Karani wa Faili
Miaka usiwaulize. Waulize kabla ya nini. Kabla au baada ya Uhuru? Mafuriko ya 1961 ulikuwa umeolewa? Tom Mboya alipopigwa risasi 1969 mtoto wako wa kwanza alikuwa anatembea? Mtu hakumbuki 1969, anakumbuka alikuwa amembeba nani.

Picha pia zina saa yake. Tazama muhuri wa studio nyuma. Ukiona Government Road, ni kabla haijaitwa Moi Avenue. Delamere Avenue ndiyo Kenyatta Avenue ya leo, Bazaar Street ni Biashara Street. Na kwenu huko, barua ikiwa na Doonholm Road, hiyo ni Jogoo Road kabla ya jogoo.

Kuhusu jina lenyewe: nendeni Nyaraka za Taifa, pale Moi Avenue, jengo lililokuwa benki. Watu wanaingia chini kuangalia mkusanyiko wa sanaa wa Murumbi wanatoka, hawajui ghorofani kuna chumba cha kusomea kilicho wazi kwa raia. Karatasi za serikali hufunguliwa baada ya miaka 30, kwa hiyo za 1938 hazina kizuizi hicho. Msitafute "Shauri Moyo" peke yake, tafuteni "Pangani", "Native Location", "Pumwani", na faili za afya, kwa sababu mambo mengi ya makazi ya Waafrika yaliandikwa na madaktari wa manispaa. Bebeni penseli. Na Survey of Kenya, Ruaraka, wanauza ramani. Mpango Mkuu wa Jiji wa 1948 nao una michoro. Ramani ya kwanza inayoandika jina hilo itatuambia ofisi ilianza kulitumia lini.

Mwalimu wa Lugha
Itatuambia ofisi ilianza lini. Mtaa ulianza lini haitatuambia.

Karani wa Faili
Ni kweli. Lakini nusu ya jibu ni bora kuliko mzee mmoja wa barazani.

Bint Digo
Karani, faili hiyo iliandikwa na aliyevunja nyumba. Nyanya yangu hayumo ndani yake, na akiwemo ni kama namba ya nyumba. Someni zote mbili, lakini msianze kumsahihisha nyanya kwa karatasi.

Karani wa Faili
Mimi nilimsahihisha Dereva kwa karatasi, na mwenyewe akashukuru. Ila nimekuelewa.

Dereva Mstaafu
Nilishukuru, na bado nashukuru. Lakini aliyenipa mkebe ni dada, si karatasi.

Cucu wa Ziwani (naandikiwa na mjukuu)
Mnaongea sana juu ya kuvunjwa. Mimi niliingia Shauri Moyo nikiwa msichana, nimekuja kuolewa. Sisi wasichana tulikuwa tunajua maana nyingine. Mwanamke aliyetoka kijijini bila ruhusa ya baba yake, akapata chumba na kazi yake na mtu wake, alikuwa akiulizwa "uko wapi siku hizi?" anajibu, "niko shauri ya moyo." Anacheka. Mambo ya moyo hayo. Wazee wenu wanaume hawawezi kuwaambia hiyo.

Jakaloleni
Cucu ameleta la sita, na ndilo ninalolipenda!

Abiria wa Pwani
Nimejibiwa na ndugu wa Unguja. Kwao pia wana hadithi mbili. Moja inafanana na ya cucu. Nyingine inafanana na ya nyanya wa Bint Digo. Mimi sasa sijui nishike ipi.

Mzawa wa Blok ya Tatu
MwanaEastlands, Jumamosi mnaanzia wapi? Kuna vitu vya mama vilivyobaki, sanduku la bati chini ya kitanda, sijalifungua tangu tumzike. Mje wawili tu, msije saba. Meza ninayo, iko karibu na dirisha.

MwanaEastlands
Tutaanzia kwako. Saa nne asubuhi. Nitakuja na dada mmoja wa kikundi.

Bint Digo
Kuhusu ile picha. Nimemsomea mama mdogo maelezo yako neno kwa neno. Mwanamke wa mwisho, aliyejifunika kanga mpaka kidevuni, anasema nyanya yangu hakupenda kupigwa picha na kila mara alikuwa akiangalia pembeni. Lakini nyanya hakuitwa Mwana-chochote. Shoga yake ndiye aliyeitwa Mwanaisha, na huyo alihamia Shauri Moyo, wakaacha kusemezana. Kabla hujaituma hapa, mwulize mwenye picha kama anaruhusu. Akikubali nitakuja na mama mdogo, aitazame mwenyewe. Macho yake ya mbali ni mazima, ya karibu itabidi tumshikie.